Siku ya Matembezi Wakati wa Baridi: Tubaki Kolwezi

Kila mwaka, mvua zikikoma na nyasi za kandokando ya barabara zikianza kugeuka manjano, swali moja hurudi katika mikutano ya vijana wa parokia zetu: mwaka huu tutakwenda kutembea wapi? Swali hilo huchukua muda mrefu kuliko mambo mengi mazito tunayoyaandika kwenye ajenda, nami siwalaumu vijana kwa hilo. Siku moja ya kutembea na marafiki, bila jembe, bila daftari, bila bidhaa za kuuza kichwani, ni jambo la maana katika maisha ya mtu. Ila majibu yanayotolewa ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Wengine hutaja bustani ya wanyama ya Lubumbashi, kilometa 300 hivi kutoka hapa. Wengine hutaja hoteli yenye bwawa la kuogelea. Na siku hizi limeingia jibu la tatu, linalosemwa nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu: "Tungekuwa na uwezo, tungekwenda kule kwenye theluji."

Maoni yangu ni kwamba mwaka huu tubaki Kolwezi, tuutembee mji wetu kwa miguu, siku nzima, sote pamoja. Naomba mnisikilize kabla ya kucheka.

Theluji inayozungumzwa ni ile ya Sapporo, mji mkuu wa kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Picha zake huzunguka katika simu za vijana wetu kila mwezi wa Februari. Marafiki wanne au watano wamevaa makoti mazito, wameshikana mabega, na nyuma yao limesimama jumba zima lililochongwa kwa theluji, taa za rangi zikiliangaza. Mmoja ameshika bakuli la supu inayofuka mvuke. Sijui mtu asiyetamani kuwamo katika picha ya namna hiyo, hata sisi wenye mvi.

Lakini yafaa kujua picha hiyo imetoka wapi. Sapporo ni mji wa watu karibu milioni mbili, na katika majira moja ya baridi huangukiwa na theluji ambayo ikijumlishwa yote hukaribia mita tano. Kimo hicho kinapita nyumba ya kawaida ya mtaa wa Manika, paa likiwemo. Kwa wenyeji, theluji ni kazi kwanza, pambo baadaye. Ni lazima iondolewe barabarani kwa mashine, iondolewe mlangoni na juu ya mapaa kwa sepetu. Na kila mwaka, katika sehemu za Japani zenye theluji nyingi, wako wazee wanaokufa kwa kuanguka kutoka juu ya paa au kwa kufunikwa na theluji iliyoporomoka. Hayo hayamo katika picha zinazotufikia.

Na sherehe ile ya sanamu za theluji ilianzaje? Katikati ya Sapporo kuna bustani ndefu iitwayo Odori, ambayo asili yake, tangu karne ya 19, ni nafasi iliyoachwa wazi ili moto ukizuka upande mmoja wa mji usivuke upande wa pili. Mwaka 1950, Japani ikiwa bado inajikokota kutoka katika maangamizi ya vita, wanafunzi wa shule za mji huo walijenga humo sanamu sita za theluji. Sita tu. Waliitumia mikono yao na kitu ambacho mji wao ulikuwa nacho kwa wingi hata ukakichoka. Watu wakaja kutazama. Miaka mitano baadaye askari wakaanza kushiriki na kujenga sanamu kubwa. Kisha, mwaka 1972, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika Sapporo, dunia nzima ikaijua sherehe ile. Yaani jambo tunalolitamani leo kutoka mbali lilianzishwa na vijana wa rika lenu, ambao hawakusafiri kwenda popote.

Katika mji huohuo kuna jengo la mbao lenye mnara wa saa, lililojengwa mwaka 1878, ambalo kila mgeni hupelekwa kuliona. Wajapani wenyewe hutania kwamba ni miongoni mwa mambo yanayowavunja wageni moyo kuliko yote nchini mwao, kwa sababu ni dogo, na majengo marefu yamelizunguka kama watu wazima waliomzunguka mtoto. Hata hivyo watu wanakwenda, wanapiga picha, wanacheka pamoja, wanarudi nyumbani wameridhika. Nalipenda sana jambo hilo. Linaonyesha kwamba siku ya matembezi haitegemei ukubwa wa kitu kinachotazamwa. Hutegemea zaidi nani uko naye unapokitazama, na nani anakusimulia habari zake.

Wala Japani haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Wajapani ilichimba shaba Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia. Karibu zaidi na siku zetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, ambacho kiko Sapporo penyewe, wamefanya kazi Kabwe, huko Zambia, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Zambia, wakipima madini ya risasi ambayo mgodi wa zamani uliyaacha katika udongo na katika damu ya watoto. Watu wa mji wa theluji wamekuja kuutazama udongo wa majirani zetu kwa makini ambayo sisi hatujautazama wa kwetu. Na betri ya simu ileile inayotuonyesha jumba la theluji mara nyingi ina kobalti ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, na sehemu kubwa yake hutoka hapa Lualaba. (Habari ya urani ya Shinkolobwe, iliyochukuliwa na Wamarekani na kutumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, siigusi leo. Inadai ukurasa wake peke yake.)

Nije sasa kwenye fedha, kwa maana hapo ndipo jambo linapouma.

Kikundi kikiamua kwenda Lubumbashi, huwekwa mchango: basi, chakula, kiingilio, na fulana za rangi moja ambazo sijawahi kuelewa faida yake. Mchango ukitangazwa, hakuna kijana anayesimama na kusema, "Mimi sina." Anasema ana malaria. Anasema kuna msiba kwa mjomba wake. Anasema mtihani umekaribia. Nimekuwa mlezi wa vijana kwa muda wa kutosha kuyajua majibu hayo na kujua yanaficha nini. Siku ikifika, basi huondoka alfajiri na nusu ya kikundi, nayo nusu inayobaki ni ileile kila mwaka: wale wanaochimba kwa mikono, wale wanaoosha mawe mtoni, wale wanaouza maji na mikate kwenye njia panda, wale walioachiwa wadogo zao kuwalea. Jioni picha zinaanza kuingia katika simu zao. Jumapili inayofuata, wenzao wanasimuliana mambo ya safari na kucheka kwa vichekesho ambavyo aliyebaki nyumbani hawezi kuvielewa. Baada ya hapo anakosa mkutano mmoja, kisha miwili, na mwezi wa Septemba tunaulizana, "Fulani amepotelea wapi?"

Siyasemi haya ili kuwafanya wenye uwezo waone haya. Lakini sherehe ya udugu inayowatoa ndugu nje ina kasoro katika mpango wake wenyewe, na mpango unaweza kubadilishwa. Matembezi ya miguu ndani ya mji hayahitaji basi wala kiingilio. Yanahitaji bukari, sombe, ndakala, ndoo mbili za munkoyo, na masufuria ya kuazima kutoka kwa akina mama wa jumuiya zetu.

Majira nayo yanatusaidia. Kolwezi iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Huko kwenye mbuga za juu, asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani ukawa mweupe, nao ndio theluji yetu, tukitaka kuiita hivyo. Watu huvaa tiriko mbili, huota moto wa mbabula, na pumzi huonekana mdomoni. Lakini ifikapo saa nne jua limetoka, anga ni buluu isiyo na wingu, hakuna matope, hakuna mvua ya ghafla. Vumbi lipo, sikatai. Lakini hakuna wakati mwingine wa mwaka ambapo watu hamsini wanaweza kutembea kutwa nzima katika mji huu bila kuloa wala kuungua.

Sasa, kuna nini cha kuona? Swali hili huulizwa kwa kebehi, kana kwamba jibu ni "hakuna kitu". Ningeanza na kituo cha treni.

Vijana wengi hupita pale kila siku bila kugeuza shingo. Reli inayotoka Tenke hupita hapa, huendelea hadi Dilolo, huvuka Angola na kufika bandari ya Lobito kwenye bahari ya Atlantiki. Njia hiyo iliunganishwa yote mwaka 1931. Shaba ya Katanga ikapata bahari iliyo karibu zaidi. Vita vya Angola vilipoanza mwaka 1975 njia ikafungwa kwa miaka mingi, na madini yakalazimika kupelekwa kusini na mashariki. Leo wakubwa wa dunia wanaizungumza upya, wanaiita Ukanda wa Lobito, na kijana wa Kolwezi husikia habari hizo redioni kama habari za nchi nyingine, hali reli yenyewe inapita karibu na shule yake.

Lakini si kwa ajili ya Lobito peke yake nataka tusimame pale. Katika miaka ya 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga kwa maelfu. Walikuwa wafanyakazi wa migodi, walimu, wauguzi, wauzaji wa soko. Wengi walizaliwa hapahapa, na wazazi wao walizaliwa hapahapa. Likasi na Kolwezi watu walilala vituoni na mashuleni wiki kwa wiki, na vyombo vyao vya ndani vimewazunguka, wakingoja treni ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa kituoni na njiani, hasa watoto na wazee, kwa njaa, kwa kuhara, kwa baridi ya usiku. Kituo tunachokipita tukila karanga ndicho hicho.

Katika vikundi vyetu vya leo kuna wajukuu wa waliofukuzwa, ambao familia zao zilirudi. Kuna watoto wa wale waliokuja kutoka Kasai hivi karibuni kutafuta riziki migodini, wanaosikia bado maneno mabaya sokoni. Na kuna wajukuu wa waliosimama kando ya barabara wakizomea, na wa wale waliowaficha majirani zao ndani ya nyumba. Sote tunaketi kwenye benchi moja, tunaimba katika kwaya moja, na jambo hili hatulitaji. Nasikia wakisema kwamba ni afadhali kutofukua mambo ya zamani. Mimi naona kinyume. Maneno yaleyale ya mwaka 1992 yanatumika tena leo kwenye simu na mitaani, yakitamkwa na vijana ambao hawajui yaliishia wapi mara ya kwanza. Wazee wawili wenye busara, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, wasimame pale kituoni na kutusimulia kwa nusu saa yale waliyoyaona kwa macho yao. Hakuna hotuba. Wasimulie tu, kisha tunyamaze kidogo, kisha tuendelee na safari. Kwa ajili ya nusu saa hiyo peke yake, mimi ningetoa mabasi yote ya Lubumbashi.

Kutoka hapo njia yetu iwe ndefu na nyepesi zaidi. Tutaziona nguzo kubwa za umeme zinazoingia mjini. Waya ule umetoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, umesafiri kilometa 1,700 hivi kuvuka nchi nzima, na unaishia hapa Kolwezi, ili umeme ulishe migodi. Ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda mrefu haukuwa na mwenzake duniani kwa urefu. Chini yake viko vijiji vingi visivyo na taa hata moja, kwa kuwa umeme wa namna ile hauwezi kuchotwa njiani bila mitambo ya gharama kubwa, nayo haikujengwa. Yuko kati yetu kijana anayesomea umeme. Na atueleze yeye. Atafurahi kuulizwa.

Tutapanda pia kwenye kilima kimojawapo kisicho na miti, kile ambacho bado hakijakatwa. Wachimbaji wa kale waliitambua shaba kwa alama hiyo: miti haisitawi juu ya udongo wenye shaba nyingi, na badala yake huota mimea midogo iliyozoea sumu yake. Baadhi ya mimea hiyo haipatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye ardhi ya madini ya Katanga. Mmoja una maua ya manjano na wataalamu wameupa jina la kobalti yenyewe, Crotalaria cobalticola. Mwezi wa Juni mingi imekauka, lakini mashina yake yanaonekana. Kilima kikichimbwa, mimea yake huondoka nacho. Babu zetu waliyeyusha shaba ya vilima hivi karne nyingi kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Misalaba midogo ya shaba, iliyotumika kama fedha, imefukuliwa makaburini huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako maji ya Lualaba hii hii hupita. Mtu aliyekuambia kwamba historia ya shaba ilianza na Wazungu alikuonea.

Ningependa pia tupite Musonoi, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, na tuwaombe wazee waliofanya kazi Gécamines watuonyeshe shule ilikuwa wapi, hospitali ilikuwa wapi, uwanja wa mpira ulikuwa wapi. Huko pia watatusimulia habari za Mei 1978. Tarehe 13 wapiganaji waliotoka Angola waliuteka mji. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakarukia hapa, na Wabelgiji wakafuata kesho yake. Mamia ya watu walikufa, Waafrika kwa Wazungu. Vitabu na sinema zimesema mengi juu ya askari wale wa miavuli. Hazikumuuliza mama aliyelaza watoto wanne chini ya kitanda kwa siku saba walikula nini. Mama huyo sasa ana miaka sabini na zaidi. Tukimsubirisha tena miaka kumi, hatutamkuta.

Hapo ndipo hoja yangu ya haraka ilipo. Mji huu unaondoka. Huko Kasulo, mwaka 2014, mtu alikuta kobalti chini ya ardhi ya nyumba yake, na baada ya muda mfupi mashimo yalikuwa uani, jikoni, hata sebuleni. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Katika mtaa wa Cité Gécamines familia nyingi zimehama kwa sababu ya kupanuliwa kwa mgodi ulio jirani, jambo ambalo Amnesty International na shirika la hapa Kongo, IBGDH, waliliandikia taarifa mwezi wa Septemba 2023. Sizungumzii hapa haki ya nani na fidia ya kiasi gani. Wako wanaolipigania hilo, na wanastahili msaada wetu. Nasema tu kwamba kijana anayeahirisha kuutembea mtaa wa babu yake hadi mwaka kesho huenda mwaka kesho akakuta shimo.

Najua pingamizi litakalotolewa, na lina uzito. Litasemwa hivi: "Mateso yetu tunayaona kila siku, siku ya furaha mnataka tukayatazame tena?" Tena tumechoshwa na wageni wanaokuja na kamera kumpiga picha mtoto mwenye matope usoni, wakaenda zao, na mtoto asijue picha yake imefika wapi. Kama matembezi yetu yangekuwa ya namna hiyo, mimi ningekuwa wa kwanza kuyapinga. Kwa sababu hiyo nasema tusiende kwenye machimbo kuwatazama wachimbaji. Wachimbaji ni kaka zetu. Baadhi yao ni wanachama wetu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mtu hatazamwi akiwa kazini kama simba wa bustani ya Lubumbashi. Tukikutana nao njiani tutawasalimu, tutawapa munkoyo, na wenye nafasi watafuatana nasi. Tarehe 27 Juni 2019, katika majira haya haya ya baridi, udongo uliporomoka katika mgodi wa Kamoto, na wachimbaji zaidi ya arobaini hawakutoka. Tutakapopita upande ule tutawakumbuka kwa sala fupi, kama tuwakumbukavyo marehemu wetu wote. Hilo ni tendo la jamaa kwa jamaa, na halihitaji kamera.

Kuhusu kamera, jambo moja la kiutendaji. Migodi, reli na mitambo ya umeme si mahali pa kupiga picha. Askari watatuzuia, na wana amri ya kufanya hivyo. Basi simu zikae mifukoni hadi wakati wa chakula. Nasikia tayari minong'ono! Lakini wakati wa chakula pigeni picha mtakavyo: masufuria, moshi, padri akiwa ameshika mwiko, msichana mwenye tiriko tatu, wote mkishikana mabega. Mkitaka, zitumeni hata Sapporo.

Wengine wameniuliza kuhusu mto na bwawa la Nzilo. Ni kweli kwamba hakuna mahali pazuri zaidi katika jimbo letu. Livingstone alikufa mwaka 1873 akiwa bado anatumaini kwamba Lualaba ndiyo Nili, na ukiyaona maji yale yakipita kati ya miamba unamsamehe. Lakini Nzilo ni mbali kwa miguu, lori litahitajika, na lori litaturudisha kwenye mchango. Nzilo ingoje mwaka ambao tutakuwa tumeweka akiba kidogo kidogo, kila mtu kwa kadiri yake, hata lori liweze kumbeba kila mmoja.

Napendekeza tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, kwa kuwa siku hiyo hakuna shule wala ofisi. Wanaochimba na wanaouza sokoni hawana sikukuu. Riziki yao ni ya siku kwa siku, na hatuwezi kuwaambia waiache kwa ajili yetu. Kwa hiyo matembezi yawe na milango miwili: wa kwanza saa moja asubuhi kituoni, wa pili saa nane mchana Musonoi, ambako chakula kitapikwa, wala kisigawiwe kabla wa saa nane hawajafika. Kila kikundi, yaani Kiro, Xaveri, Skauti na kwaya, kitoe watu wawili wa kupika na wawili wa kuwatembeza wazee, maana wazee wetu wa kusimulia hawawezi kutembea njia yote. Zitafutwe baiskeli zenye kiti cha nyuma, na mtu wa kuzisukuma taratibu. Mablanketi mawili matatu yasisahauliwe, kwa sababu jua likizama saa kumi na mbili baridi hurudi mara moja. Ramani ya njia, iliyochorwa kwa mkono, itabandikwa mlangoni mwa kanisa wiki mbili kabla, na aliyekosa mwanzo ataifuata kwa nyuma.